Vitabu Nilivyosoma Bila Zuhura

Zuhura, shoga yangu,

Dua unazipata, najua. Mama yako anakuombea kila swala, walimu wenzako wa Mitole walikusomea hitima, na mimi kila Alhamisi jioni nakusomea Yasini kwa ile sauti yangu ya kukwamakwama uliyokuwa ukiicheka. Lakini leo sikuandikii dua. Nataka kukupa habari za vitabu. Tangu uondoke nimesoma, na sina wa kumwambia. Nikimwambia shemeji yako Issa, ananisikiliza mpaka mwisho, maskini, halafu ananiuliza, "Kwani huyo mtu yupo kweli?" Nikisema hayupo, anarudi kwenye redio yake.

Wewe hukuwahi kuniuliza kama wapo.

Kwanza ujue kwamba nilikaa muda mrefu bila kufungua kitu. Kitabu cha mwisho ulichonitumia kilikaa juu ya kabati la vitambaa hapa kibandani kwangu, bado kimo kwenye mfuko wa nailoni, bado kimefungwa kwa ule mpira wa tairi kama ulivyozoea kuvifunga vyote. Nilikuwa nikikiangalia huku nakata sare za shule. Nikawaza safari yake: wewe ukampa bodaboda pale Mitole, bodaboda akakifikisha barabarani akampa kondakta, kondakta akamwachia mama wa chai stendi ya Masoko, na mimi nikaenda kukichukua nikiwa na sindano bado zimechomekwa kwenye gauni. Miaka yote ile vitabu havikupotea. Watu wa njiani walijua ni vitabu vya walimu, wakidhani na mimi ni mwalimu. Sikuwasahihisha.

Siku nilipokifungua ilikuwa baada ya arobaini yako. Ni kile cha mtu anayerudi kwao pwani kuuza nyumba ya mama yake. Unakikumbuka, maana wewe ulikimaliza na ukanitumia ujumbe: "Kile cha Nyumba kinakuja. Mwanamume wake atakuudhi." Hatukuwahi kukiita kitabu kwa jina lake, mimi na wewe. Waandishi wanahangaika na majina yao makubwa, sisi tunasema Kile cha Nyumba, Kile cha Kigugumizi, Kile cha Wifi Mbaya.

Basi, mwanamume wake hakupata hata nafasi ya kuniudhi. Mwanzoni tu mama yake anakufa. Mwandishi anasema alikufa alfajiri, wakamzika mchana, na mstari unaofuata watoto wameshaanza kugombea nyumba. Sentensi moja, Zuhura. Nikarudi kuisoma, nikidhani nimeruka ukurasa.

Zamani nisingesimama hapo. Zamani tulikuwa tukiwasifu waandishi wa namna hiyo, tukisema huyu hapotezi muda, huyu anajua kwenda. Siku ile nilitaka kumshika mkono nimuulize: nani aliyemwosha? Nani alishika kanga kumsitiri? Nani alimwagia maji? Kwa sababu mimi ndiye niliyeshika birika pale kwa mama yako Somanga. Nilikumiminia maji kama walivyoniambia, polepole, upande wa kulia kwanza. Na chini ya ukucha wako wa dole gumba kulikuwa na chaki. Yule bibi mwoshaji aliisugua, akaisugua tena, na mimi nilikuwa nikimwomba moyoni aiache.

Nikakitupa kitabu chini ya cherehani. Issa akaja kuniletea chakula cha mchana, akakiokota, akakipangusa vumbi kwa kiganja.

"Kimekukosea nini?"

"Kimezika mtu kwa sentensi moja."

Nilidhani atacheka. Yeye ndiye aliyekuwa akisema sisi wawili tunawalilia watu wa karatasi. Hakucheka. Alikiweka mezani, akafunua sahani, akakaa na mimi mpaka nilipokula.

Nimekimaliza baadaye, nisikufiche, na mwisho wake ni mzuri. Lakini ulisema kweli, yule bwana ni wa kuudhi. Anakaa barazani kurasa na kurasa anawaza, na nyumba imejaa buibui. Nikakusikia kabisa: "Mtu mzima mzima anawaza, hata kufagia hafagii!" Nikacheka peke yangu kibandani, kisha nikanyamaza, maana kicheko cha kitabu kinataka watu wawili. Nimeligundua hilo sasa. Kile kizuri nilikuwa nakipata mara mbili: mara ya kwanza nikisoma, mara ya pili nikikusikia wewe unavyokibishia.

Unakumbuka bwenini Lindi? Kitabu kimoja na sisi wawili, tumelala kifudifudi kwenye kitanda chako cha chini, mashavu yanakaribia kugusana. Wewe ulisoma haraka kama mtu anayefukuzwa. Ukifika chini ya ukurasa unagonga kwa kidole. "Geuza." Mimi nasema, "Bado." "Zai, geuza." "Bado nimesema!" Mpaka leo nikifika chini ya ukurasa huwa nasita kidogo, kama kuna mtu namngoja. Safari hii ni mimi ninayetangulia, na wewe ndiye usiyefika.

Sasa nikueleze lililotokea na kitabu cha pili, maana hilo lilimfikia mama yako.

Ni hadithi ya upelelezi, katika zile zile ulizozipenda: mfanyabiashara tajiri amekutwa amekufa, chumba kimefungwa kwa ndani, kila mtu ana sababu. Nilikipata kwa mteja, mama mmoja mgeni hapa Masoko aliyekuja kushonewa, akaniona nimeinamia kitabu akaniambia na yeye anavyo. Nikakianza kwa unyonge tu. Lakini kufika katikati nikakamatika. Kulikuwa na mwenye duka la dawa, mtu mpole, anawasaidia wajane, kila mtu anamsifu. Nikasema, huyu huyu. Wewe ungesema mke. Wewe kila mara ulisema mke, na kila mara ulikosea, na aliyekosea alipika mkate wa kumimina. Nimekula mikate yako mingi kwa sababu ya wake wasio na hatia.

Ilikuwa baada ya adhuhuri, nimeacha suruali ya mtu imeshonwa mguu mmoja. Nikafika pale mpelelezi anapomgeukia mwenye duka la dawa. Nikapiga kelele peke yangu. Na mikono, Zuhura, mikono ilikwenda yenyewe. Ilichukua simu, ikatafuta jina lako, ikaandika: "Nilikwambia! Ni yule mwenye duka la dawa. Ndiye aliyemuua." Ikatuma.

Kisha nikaliona jina lako pale juu, nikakumbuka.

Nililia siku ile kama siku tuliyokuzika. Nikajiambia simu yako imezimwa, imo sandukuni. Sikujua kwamba mama yako anaichaji. Sikujua kwamba anaiweka kwenye kikapu chake cha samaki pale barabarani, kando ya kisu na ndimu, ili awe na kitu ulichokuwa ukikishika. Ujumbe ulipoingia simu ikalia. Yeye herufi ndogo hazioni tena, akampa Mama Shaibu wa meza ya jirani amsomee. Na Mama Shaibu akamsomea, kwa sauti, mbele ya wakaanga samaki wote wa Somanga.

Kesho yake asubuhi nimefungua kibanda tu, nikasikia hodi. Mama yako. Amevaa baibui lake la safari, hana mfuko, hana kikapu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nani?"

"Nani yupi, Mama? Karibu ukae."

"Sikai. Nataka unitajie huyo mwenye duka la dawa. Wa kwetu Somanga, au wa huko Mitole? Wa Somanga nilimwendea jana. Nikasimama mlangoni nikamtazama. Akaniambia, karibu Bi Tatu, pole na msiba. Nikamwangalia mikono. Nikasema nisifanye neno, nimuulize kwanza Zainabu, yeye ndiye anayejua."

Wewe dawa zako za presha ulikuwa unazinunua kwa huyo huyo wa Somanga kila ukienda kumwona mama. Mama yako alikuwa ameunganisha kila kitu tangu jana, peke yake, na amepanda basi nacho.

Nikapiga magoti. Sikujua namna nyingine. Nikamshika mikono nikamwambia, "Mama, ni kitabu. Mimi na Zuhura tulikuwa tukisoma hadithi, tunabashiri muuaji. Nimesahau, Mama. Nimesahau kwamba hayupo. Hakuna mtu aliyemuua Zuhura."

Watu walikuwa wakipita nje na ndoo za maji. Nilingoja anipige, na angenipiga ningemshukuru.

"Kitabu," akasema.

"Kitabu, Mama."

Ndipo akakaa, kwenye kile kiti cha wateja. Akavua ukaya wa baibui, akajifuta uso wote kwa upande wa kanga. Nikamsikia anasema, wala hakuwa akiniangalia: "Usinione mwehu, mwanangu. Nilifurahi. Unasikia? Toka jana nilikuwa nimefurahi. Nikasema, kumbe yupo mtu. Presha haina uso. Nitaikamata wapi? Mtu ningemwendea, ningemshika shati, ningemwuliza."

Wewe ungekuwa na jibu, ulikuwa mwepesi wa maneno. Mimi nilimshika magoti tu nikalia mapajani kwake, na yeye akawa ananipiga piga mgongoni, yeye aliyefiwa na mtoto wake wa pekee, ananibembeleza mimi.

Issa akaleta chai na vitumbua. Alivyotuona akaweka sinia chini taratibu akaondoka. Tukanywa. Na mama yako alipomaliza kikombe akakigeuza, akasema kitu ambacho sikukitazamia.

"Haya. Nisomee huyo muuaji."

Nikadhani anatania. Akasema hatanii. Basi la kurudi lilikuwa la alasiri, alikuwa na muda, na amekwishamchukia yule mtu siku nzima, kwa hiyo anataka kumwona. Nikamsomea, Zuhura. Nilifunga mlango nusu, nikarudi ukurasa wa kwanza, nikasoma mpaka koo likakauka. Hajui kusikiliza kimya yule mama! Mke wa marehemu akitokea: "Mbona halii? Mwulize mbona halii!" Mpelelezi akikaribishwa chakula: "Asile!" Na mwenye duka la dawa akitokea kwa mara ya kwanza, mtu mpole, na chupa yake mkononi, mama yako akainuka kwenye kiti: "Mwone! Mwone anavyoishika!"

Katikati ya hayo akanikatiza, akasema, "Zuhura alikuwa akija likizo anakaa ukumbini na kitabu, anacheka peke yake. Mimi nilidhani ni simu. Nikadhani kuna mwanamume anamtumia maneno, nikafurahi, nikasema labda ataolewa tena. Kumbe ni hawa."

"Ni hawa, Mama."

"Basi hawakumfanyia vibaya," akasema.

Nikamsindikiza stendi. Baadaye nilisikia kwamba wiki ile ile alimpelekea yule kijana wa watu wa duka la dawa samaki mkubwa wa kukaanga, amemfunga vizuri kwenye gazeti. Kijana alimshukuru sana. Mpaka leo hajui amepewa kwa sababu gani.

Siku ile pale stendi, kabla basi halijaondoka, alinitolea kichwa dirishani. Akaniambia walimu wa Mitole walileta vitu vyako: nguo, godoro, na mfuko wa vitabu. Kimoja kimekunjwa ukurasa. "Ndicho alichokuwa akikisoma," akasema. "Njoo unisomee hicho. Nataka kujua alikuwa wapi."

Sikwenda upesi. Niliogopa, na nilijua ninachokiogopa. Nilipokwenda hatimaye, siku ya Jumapili, nilimkuta mama yako barabarani kwenye biashara yake, na kitabu kimewekwa juu ya kigoda kipya, kimefunikwa kwa kanga safi, kama mgeni anayengojewa.

Hukuniambia habari za kitabu kile. Nadhani ulikuwa unataka ukimalize ndipo unitumie. Ni cha ndugu wawili wa kike, Bishara na mdogo wake Nuru. Bishara anaolewa mbali sana bara, barua zinakuja, kisha zinakoma. Mama yao akifa, Nuru anaamua kumtafuta dada yake kwa miguu, kwa malori, kwa namna yoyote. Nimekipenda toka mwanzo. Kuna mahali Nuru anapika uji kwa watu asiowajua, anaonja, anakuta umekuwa kama wa mama yake, anakimbia nje. Mama Shaibu alilia waziwazi pale, akasingizia moshi.

Ndiyo, na Mama Shaibu. Na wengine wote. Nilimsomea mama yako, wakasogea mmoja mmoja na vigoda vyao, na masufuria yao yakichemka mafuta. Ila kusoma Somanga si kazi ndogo, shoga. Uko kwenye sentensi tamu, basi la Lindi linatokea, wote wanaruka na sinia kichwani wanakimbilia madirisha. "Samaki! Samaki wa moto! Pweza!" Na mama yako, huku anamrudishia abiria chenji, anapiga kelele nyuma: "Zainabu! Nuru asiondoke hapo mpaka nirudi!"

Na mimi nilikuwa namzuia Nuru. Nilikaa na kidole kwenye mstari, namzuia, mpaka basi liende.

Tulikuwa tunakwenda Jumapili kwa Jumapili. Kurasa zako nilizijua. Zina alama zako, Zuhura. Za chaki, nyeupe pembeni, na za mafuta ya nazi, na mahali pamoja pana tone la chai limekauka kama ramani. Kila nikigeuza nilikuwa nakugusa. Kisha siku moja nikageuza nikakuta kona imekunjwa.

Nuru amefika mtoni. Mvua ya bara imenyesha, mto umejaa, ng'ambo ndiko wanakosema Bishara anaishi. Mwenye mtumbwi amemwambia leo havuki mtu. Hapo.

Kidole changu kikabaki kwenye mstari. Mama yako akaniangalia. "Mbona umenyamaza?"

"Zuhura kaishia hapa, Mama."

Aliifuta mikono yake kwa kanga, kiganja na mgongo wa kiganja, akanipokonya kitabu taratibu. Akaipapasa ile kona kwa dole gumba. Hakulia. Alikaa nayo hivyo, samaki wa mtu akaungua kwenye sufuria na hakuna aliyemgeuza. Mimi nilisema, "Mama, tunaweza kuachia hapa. Si lazima." Na kwa kweli nilikuwa nataka tuachie. Ukurasa unaofuata ulikuwa safi. Hauna chaki wala mafuta. Niliona kama nikiugeuza nakuacha ukingoni peke yako.

Akanirudishia kitabu.

"Yeye kaitwa," akasema. "Sisi hatujaitwa. Soma."

"Mama..."

"Soma, mwanangu. Kona usiikunjue."

Nikasoma. Ni kitu kigumu kuliko vyote nilivyofanya tangu kukumiminia maji. Sentensi za kwanza sikuzielewa hata moja, nilikuwa natamka tu, na nilipofika chini ya ukurasa nilingoja. Nakiri, nilingoja. Nikasikia mama yako anasema, "Haya, mbele," na nikageuza.

Kimetuchukua Jumapili nyingine nyingi. Nikikupa maoni yangu ya kweli, kama tulivyozoea, nusu ya pili haiifikii ya kwanza. Mwandishi amechoka, au amekimbizwa. Watu wapya wanaingia wengi mno, na kuna mganga ambaye ungemkatalia mlangoni. Na kurasa za mwisho kabisa zimeniudhi, zimemuudhi Mama Shaibu, zimewaudhi wakaanga samaki wote. Nilipofunga kitabu tu, wakalipuka. Mmoja akasema mwandishi huyo hajawahi kuwa na dada. Mwingine akataka kujua anakaa wapi. Mama yako peke yake hakusema neno. Aliendelea kugeuza samaki wake.

Nami nilikaa katikati ya kelele zile nikikutaka wewe. Nilikutaka vibaya, Zuhura. Nilitaka uje na ule mguno wako, utupe kitabu kwenye mkeka, useme, "Hapa katuibia!" Nilikutaka kuliko hata siku za mwanzo, maana siku za mwanzo nilikuwa na ganzi. Sasa ganzi imetoka. Watu wanasema muda unapoza. Kwangu muda ndio unaonionyesha mahali palipo patupu, leo hapa, kesho pale.

Jambo la mwisho, ndilo lililonifanya nikae niandike.

Juzi, mwishoni mwa Shaabani, mama yako aliniita twende kukuzuru kabla ya mwezi kuandama. Tulikwenda asubuhi, umande ungali kwenye majani. Mikorosho ya pale makaburini imeanza kukusogelea kwa kivuli, utakuwa na ubaridi. Tuling'oa magugu. Tulikusomea Fatiha, tukakunyunyizia maji. Nikadhani tumemaliza, nikainuka. Mama yako hakuinuka. Alikaa pale mchangani, miguu ameinyoosha kama mtu aliyeko uani kwake anachambua mchele, akaanza kuzungumza nawe kwa Kimatumbi.

Unajua Kimatumbi changu ni cha kuokoteza. Mwanzoni nilidhani ni dua. Kisha nikalisikia jina la Nuru. Nikasikia mto. Nikasikia mtumbwi. Zuhura, alikuwa anakuhadithia. Alianzia pale pale kwenye kona, kwa yule mwenye mtumbwi aliyekataa, akaenda nayo mpaka mwisho, na mwisho aliokupa sio ulioandikwa kitabuni. Ni wa kwake. Nadhani alikuwa akiutunga siku zote zile akigeuza samaki, kimya kimya, wenzake wakipiga kelele.

Alisema mengi kuliko niliyoyashika. Lakini nilishika kwamba mto ulipungua. Nilishika kwamba yule dada, toka ng'ambo, alimwona mdogo wake kabla mdogo wake hajamwona, akaingia majini na kanga zake. Nilishika kwamba walipika, wakala, na kwamba hapakuwa na aliyemwuliza mwenzake kwa nini barua zilikoma.

Alipomaliza aliupapasa udongo mara chache, kama anavyofanya mtu akimfunika mtoto. Nikampa mkono akainuka. Tulipoikaribia lami ndipo akasimama.

"Ulisikia?"

"Nilisikia, Mama."

"Usimwambie vingine."

Kwa hiyo sikwambii vingine. Mwisho ulioandikwa ninaujua mimi, na wakaanga samaki wa Somanga, na huyo mwandishi, na tutakufa nao. Hii ndiyo ahadi ninayokupa, na unajua mimi na habari za vitabu sijawahi kukuficha kitu, ni mara ya kwanza. Ahadi ya pili ni kwamba mama yako hatakaa Jumapili bila mtu wa kumsomea maadamu nina macho.

Mola akupanulie ulipolala, akutilie nuru, na siku yangu ikifika akuruhusu uje kunipokea. Lala, shoga yangu. Usiwe na wasiwasi na yule msichana pale mtoni. Alivuka. Dada yake alikuwa akimngoja, na chakula kilikuwa bado cha moto.

Wako,
Zai